Alifungua au Hakufungua

Mkutubi wa maktaba ile aliitwa Mama Shii, na wala msiulize kwa nini. Ukivuta kiti kikalia, "Shii!" Ukikohoa, "Shii!" Siku moja mvua ilipiga bati mpaka watu hawasikilizani, naye akanyanyua uso kuelekea darini akasema "Shii!", na waliokuwepo wanaapa hadi leo kwamba ilipungua. Mumewe, fundi umeme, alizoea kusema kwamba nyumbani kwake hata birika likitaka kuchemka linaomba ruhusa.

Lakini palikuwa na siku moja katika juma, Alhamisi alasiri, ambapo Mama Shii alijifunga mdomo na kuwaacha watu wapayuke watakavyo. Na sababu ilikuwa kitabu kimoja tu.

Kitabu chenyewe kilikuwa riwaya nene yenye jalada jekundu, limechakaa mpaka jina limefutika, kwa hiyo watu wakakiita kitabu chekundu na maisha yakaendelea. Kilisimulia habari za mshonaji mmoja ambaye mumewe aliondoka kwenda kutafuta kazi, akapotelea huko miaka na miaka, hana salamu hana nini. Mshonaji akalia, akachoka kulia, akashona, akalea mtoto. Halafu jioni moja ya mvua mtu anabisha hodi. Ni yeye! Mshonaji anainuka kitini, anafika mlangoni, anaweka mkono wake juu ya ubao. Na hapo kitabu kinaisha. Si kwamba mwandishi aliishia hapo, la hasha. Kurasa za mwisho zilikuwa zimenyofoka zamani, kabla hata Mama Shii hajaajiriwa. Wengine walisema panya, wengine walisema mtoto mtundu, kila mtu na lake.

Basi mji ukagawanyika. Wako waliosema mshonaji alifungua mlango, na hao wakajiita Wafunguaji. Wako waliosema thubutu, mwanaume anapotea miaka yote hiyo halafu afunguliwe kwa hodi tatu? Hao ndio Wagumu. Tena ilikuwa kanuni ya kaunta: huwezi kurudisha kitabu chekundu ukajiondokea hivi hivi. Mama Shii alikipokea kwa mikono miwili, akakukazia macho na kuuliza, "Alifungua au hakufungua?" Usipojibu, kitabu hakipokelewi. Unarudi nacho nyumbani ukafikirie.

Jemadari wa Wagumu alikuwa baba yake mzazi Mama Shii, fundi makufuli aliyestaafu. Na jemadari wa Wafunguaji, msicheke, alikuwa mama yake mzazi. Nyumba moja, meza moja, chungu kimoja, kambi mbili. Walibishana wakila, wakabishana wakifua, na Alhamisi wakaja maktaba kubishana mbele ya watu.

Mzee alikuwa na silaha yake, nayo ilikuwa ufundi. "Makufuli mimi nayajua," alisema akijipiga kifua. "Kile ni kitasa cha shaba, cha ulimi mmoja, cha kizamani. Mtu anayetaka kukifungua anashika ufunguo, hashiki ubao. Yule mama kashika ubao. Maana yake nini? Anauzuia!" Wafunguaji wote wangenywea, maana utaalamu ni utaalamu, ila mkewe tu ndiye hakubabaika. "Wewe unajua makufuli," alimjibu. "Mimi namjua mwanamke." Watu wakavunjika mbavu, na Mzee naye akacheka huku akijifanya amenuna.

Mwaka juzi mke wa Mzee alifariki. Aliugua muda mfupi, akaondoka kwa utulivu, na Mzee akabaki.

Alibaki vibaya. Alilala akautazama ukuta. Ukimpelekea chakula anasema ameshakula, na sufuria zote jikoni zimefunikwa vumbi. Halafu siku moja akainuka, na Mama Shii akadhani afadhali. Kumbe aliinuka kwenda kufunga mlango. Aliweka kitasa kipya, akaweka komeo juu, akaweka komeo chini, kisha akapigilia mnyororo. "Ya nini yote haya, Baba?" "Wezi." "Wezi waibe nini humu?" "Hiyo ni shauri yao." Akarudi ukutani.

Aliyemtoa pale ni binti yake, kwa ujanja ambao hata leo hauonei haya. Alisimama nje ya mlango ule akapaza sauti, "Baba, nimekuja kukwambia tu. Mwalimu wa hesabu, yule Mfunguaji, anatangaza maktaba nzima kwamba Wagumu wamesalimu amri." Halafu ndani ukasikika mguno. Halafu kitasa, komeo, komeo, mnyororo, na Mzee akatokea amevaa shati kinyume. "Nani kasalimu amri?" alifoka. "Nipeleke!"

Tangu hapo ikawa kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana Mama Shii anakwenda kumchukua. Anabisha hodi, anaegemea mlango, na anasikiliza vile vyuma vikifunguka kimoja baada ya kingine. Vilichukua muda. Lakini mwishowe Mzee alitoka, amenyoa, amechana nywele, anatafuta wa kumtia adabu. Juma lake zima lilisimama juu ya siku ile moja, na Mama Shii alilijua hilo kama anavyojua rafu zake.

Sasa ndipo ukaja mtandao.

Maktaba za miji ya ukanda ule zilikuwa zimekubaliana kuazimana vitabu. Msomaji wa mji huu akitaka kitabu kilichoko mji ule, anasema kaunta, na juma linalofuata gari linakileta ndani ya kreti. Na msidhani Mama Shii alilazimishwa kujiunga. Ni yeye aliyehangaika, akapiga simu, akasumbua wakubwa mpaka wakamkubalia ili wapumzike. Hakuna kilichokuwa kikimuuma kama kumwambia mtu "hatuna". Alikuwa na muuguzi mwanafunzi aliyekuja mara tatu kuulizia kitabu cha mifupa, na mara tatu akaondoka kichwa chini. Mama Shii hakulala vizuri juma lile.

Mtandao ukamtuma binti mmoja mchangamfu, mwenye kompyuta ya mkononi na viatu vya raba, aje waingize vitabu vyote kwenye orodha ya pamoja. Binti wa mtandao alifanya kazi huku akiimba, na ajabu ni kwamba Mama Shii hakumwambia shii hata mara moja, kwa furaha aliyokuwa nayo. Walikwenda rafu kwa rafu, mmoja anasoma, mwingine anabofya. Kilimo, ushonaji, hadithi za watoto. Wakafika kwenye riwaya.

"Hiki vipi, Mama?" binti aliuliza akikipekua kitabu chekundu. "Mbona hakina mwisho?"

"Ndivyo kilivyo."

"Kimeharibika, basi."

"Hakijaharibika, mwanangu. Ndivyo kilivyo."

Binti akacheka, akaingiza namba iliyochapwa ndani ya kitabu, akaandika kwenye nafasi ya hali ya kitabu: pungufu. Kompyuta ikafikiri kidogo. Halafu uso wa binti ukang'aa. "Mama! Una bahati ya mtende! Nakala kamili ipo maktaba ya ng'ambo ya mto!" Na kabla Mama Shii hajafungua mdomo, vidole vimeshabofya. "Nimeshakuagizia. Ndicho cha kwanza kabisa kwenye mtandao wetu. Furahi, Mama!"

Mama Shii alifurahi kwa meno. "Ahsante, mwanangu," alisema, "ila siku nyingine uwe unauliza kwanza." Binti hakuelewa, na angeelewaje? Mtu anakuletea mwisho wa hadithi uliyoingoja miaka yote, unataka nini zaidi?

Nyumbani alimweleza mumewe. Fundi umeme alikuwa anakaza skrubu za pasi, naye hakuona tatizo liko wapi. "Si mtajua nani mshindi?"

"Ndilo tatizo lenyewe! Wakishajua, watakuja kubishania nini? Na wasipobishana, Baba atatoka kwa ajili gani?" Akakaa chini. "Nimelilia mtandao huu mimi mwenyewe. Nimeukaribisha kwa mikono yangu miwili."

Mumewe akaiweka pasi pembeni. "Basi mfiche."

"Nani, Baba?"

"Kitabu, mke wangu. Utamficha vipi baba yako?"

Kreti ya kwanza ilifika Jumanne. Dereva aliishusha kwa mbwembwe kama anayeleta mahari. Kitabu cha mifupa kilikuwemo, na Mama Shii alimpigia muuguzi mwanafunzi palepale. Yule binti alikuja anakimbia na sare yake, akakikumbatia kitabu kifuani, na kwa dakika chache Mama Shii akasahau shida zake zote. Hiyo ndiyo kazi aliyoitaka. Chini yake kilikuwa kitabu chekundu kingine, kipya utadhani jana, na jina lake juu limesimama wima. Akakiviringisha ndani ya mtandio wake, akakisukumia kwenye droo ya mihuri, akafunga kwa ufunguo. Hakukifungua. Mkono ulimwasha, maana naye alikuwa Mfunguaji wa damu kama mama yake, lakini hakukifungua.

Alichosahau ni kwamba muuza viatu alikuwa pale pale, anasoma gazeti. Na muuza viatu ni mtu ambaye ukimwambia siri asubuhi, mchana unaisikia sokoni imeshavalishwa nguo mpya.

Jumatano, maktaba ndiyo kwanza imefunguliwa, nani anaingia? Mzee. Peke yake, Jumatano, shati limevaliwa sawasawa. Mama Shii alisimama kitini bila kujijua.

"Shikamoo, Baba. Kuna nini?"

"Marahaba. Kitabu kiko wapi?"

"Kitabu gani, Baba?"

"Usinifanye mtoto. Mji mzima unajua, mimi tu niliyekuzaa ndiye sijui?" Akaitazama ile droo, akainama kidogo, akakitazama kitasa chake kwa dharau ya kazi. "Hicho nakifungua kwa pini ya nywele, nakwambia. Ila sipendi kuvunja heshima. Kitoe."

Mama Shii aliona kuruka kimanga hakutasaidia. Akatoa ufunguo, lakini hakuuingiza. Akaushika tu. "Nilikuwa naogopa," alisema.

"Unaogopa nini? Kwamba nitashindwa? Nimeshindwa mengi."

"Naogopa utarudi ukutani, Baba." Sauti ikamtoka nyembamba, yeye ambaye sauti yake hunyamazisha mvua. "Tukimaliza kubishana, Alhamisi utakaa ndani. Na mimi kubisha hodi na kusikiliza vile vyuma, siku moja visipofunguka nitafanya nini?"

Mzee akavuta kiti. Kililia sakafuni, na hakuna aliyesema shii. Alikaa, akaipapasa meza kwa kiganja kama anatafuta palipokwaruzika.

"Nikwambie kitu," alisema. "Ile jioni ya mwisho, mama yako alinishika mkono. Unajua alichosema? Hakuusia mali, hakuusia watoto. Alisema, 'Haya, mume wangu, kubali basi. Alifungua.' Alikuwa anatabasamu. Ningesema ndiyo, ingenipunguzia nini? Neno moja! Mimi huyu, kichwa maji, nikamwambia hakufungua. Akacheka. Asubuhi hakuamka."

Mama Shii akauingiza ufunguo, akaifungua droo.

"Sasa kama hakufungua, sawa, tulitaniana kama kawaida yetu," Mzee aliendelea. "Lakini kama alifungua, mwanangu, nilimnyima haki yake. Na nataka nijue. Ukutani kule siutazami ukuta. Namtazama yule mshonaji na mkono wake pale mlangoni."

Kwa hiyo haikuwa kubishana tu. Miaka hii miwili binti alidhani ugomvi ule ndio dawa ya baba yake, kumbe ndio ulikuwa na mwiba ndani. Alilia kidogo, akajifuta kwa ule mtandio uliozunguka kitabu, akakiweka juu ya meza. "Nikusomee sasa hivi?"

"Hapana. Kesho, mbele ya watu. Mama yako hakupenda mambo ya pembeni. Kama nimeshindwa, nishindwe hadharani." Akainuka, akafika mlangoni, akageuka. "Na wewe usichungulie!"

Alhamisi maktaba ilijaa mpaka watu wakakalia rafu za chini za watoto. Mwalimu wa hesabu alikuja na tai. Wagumu walikaa upande wa dirisha, Wafunguaji upande wa feni, na muuza viatu, ambaye aliwahi kuhamia kambi zote mbili kulingana na hali ya biashara, alisimama katikati. Mzee alikaa mbele, mikono magotini. Pembeni yake aliacha kiti kitupu, na kila aliyeingia alikiona na kupita bila kukikalia.

Mama Shii alivaa miwani. Alisoma kwanza ukurasa ambao wote waliujua kwa moyo, mvua, hodi ya tatu, mkono juu ya ubao, na midomo ya watu ilikuwa ikisogea pamoja naye. Kisha akafungua ukurasa ambao mji ule haukuwahi kuuona.

"'Akaegemeza uso kwenye ubao,'" alisoma. "'Akasikia pumzi za mtu upande wa pili, pumzi za aliyepanda mlima. Akataka kumuuliza alikuwa wapi. Akataka kumwambia kwamba mtoto anatembea, tena anakimbia, tena ameshaolewa. Akaona maneno ni mengi kuliko jioni yenyewe. Basi akasema machache tu. Sukuma, akasema. Haujafungwa. Haujawahi kufungwa.'"

Akageuza karatasi. Ilikuwa nyeupe. "Mwisho," alisema Mama Shii, akavua miwani.

Wafunguaji wakageuka kuwatazama Wagumu, Wagumu wakawatazama Wafunguaji.

"Haujafungwa?" Mwalimu wa hesabu ndiye aliyeanza. "Vipi haujafungwa? Na kile kitasa je?" Akakirukia kitabu chekundu cha zamani, akaanza kukipekua kwa pupa, watu wamemzunguka, huyu anasema angalia pale wanapohamia, yule anasema angalia mume alipoondoka. Walitafuta kitasa. Walitafuta komeo, ufunguo, kufuli, hata kamba. Hamna! Mlango ulitajwa mara chungu nzima, ubao wake, rangi yake, namna unavyolia wakati wa masika. Kitasa hakikuandikwa hata mahali pamoja. Taratibu vichwa vyote vikageuka kumtazama Mzee.

"Fundi," alisema Mwalimu, "kitasa cha shaba, cha ulimi mmoja, ulikitoa wapi?"

Mzee akafikiri. "Kila mlango una kitasa," alisema, lakini hakuwa na uhakika tena.

"Umetuwekea kitasa wewe! Tumebishana miaka yote juu ya kitasa chako!"

Jamani, kicheko kilichotoka hapo! Muuza viatu alijishika mbavu akakaa sakafuni. Wagumu walicheka, Wafunguaji walicheka, maana wote walikuwa wamekiona kile kitasa kwa macho yao, mng'aro wake na tundu lake, na hakikuwahi kuwepo. Mama Shii mwenyewe alicheka mpaka machozi. Kisha akamtazama baba yake, na kicheko kikamkauka.

Mzee hakuwa anacheka. Alikuwa amekigeukia kile kiti kitupu.

"Alikuwa hafungi," alisema taratibu, na watu wakanyamaza mmoja mmoja. "Mke wangu. Kazi yangu ilikuwa ya kuitwa saa zozote, huyu kajifungia nje, yule kapoteza ufunguo. Nikirudi nyumbani nimechoka nabisha hodi. Naye kutoka jikoni anapaza sauti, 'Sukuma!' Kila siku hivyo. Naingia nagomba, mke wa fundi makufuli anakaa mlango wazi, watu watanionaje? Naye ananiambia, 'Nikifunga utaingiaje?' Nikamwambia utanifungulia. Akasema, 'Nikiwa nimelala je?'" Akatikisa kichwa. "Maisha yangu yote nimesukuma mlango ulio wazi, na sikuuona ule wa kwenye kitabu."

Mwalimu wa hesabu akakohoa. Alikuwa mtu mwema, ila hesabu zilimkaa damuni. "Kwa usahihi, Fundi," alisema kwa upole, "kilichokwisha kuwa wazi hakifunguliwi. Kwa hiyo hakufungua. Ninyi Wagumu ndio mmeshinda."

"Hesabu yako kaa nayo, Mwalimu." Mzee aliinuka, akaweka kiganja juu ya mgongo wa kiti kitupu kama anavyoshika bega la mtu. Macho yake yalikuwa mekundu na uso wake umekunjuka kabisa kwa furaha. "Alifungua. Alifungua siku ile ile mumewe alipoondoka, akauacha hivyo hivyo. Mke wangu, umeshinda. Nimekubali. Nimechelewa, lakini nimekubali mbele ya watu wote hawa."

Watu wakapiga makofi, wengine wakajifuta macho na kusingizia vumbi la vitabu. Mama Shii alimshika baba yake mkono, wala hakujali nani anaona. Halafu, katikati ya utulivu ule mtamu, muuza viatu akauliza kutoka sakafuni, "Lakini alisukuma?"

"Nani?"

"Mume. Kaambiwa sukuma. Je, alisukuma?"

Mama Shii akavaa miwani upesi, akatazama. Kitabu kilikuwa kimeishia pale pale, kwenye haujawahi kufungwa. Mwandishi mwenyewe hakusema.

"Alisukuma, sasa angefanya nini?" alisema mmoja wa Wafunguaji.

"Asukume kwa uso gani?" Mzee aliuliza, akageuka, na binti yake akaona ule mng'aro wa vita ukirudi machoni. "Anajua sasa kwamba mlango ulikuwa wazi miaka yote? Kwa aibu ile? Mimi ningekaa kizingitini mpaka asubuhi."

"Thubutu! Mtu kalowa mvua!"

"Kulowa na aibu ni vitu viwili!"

Kelele zikapanda mpaka kioo cha dirisha kikatetemeka, na ndani ya kelele hizo simu ya kaunta ikalia. Mama Shii aliziba sikio moja. Aliyepiga alikuwa mkutubi wa ng'ambo ya mto, mwanaume wa sauti nzito, anaulizia kama kitabu chake kilifika salama. "Kimefika," alisema Mama Shii kwa kupiga kelele, "na tumekisoma sasa hivi."

"Hizo kelele ndizo nazisikia?" yule bwana aliuliza, na sauti yake ikachangamka. "Basi niambie, dada yangu, kwenu huko mnasemaje? Alisukuma au hakusukuma? Maana hapa kwetu tuna kambi mbili, na miaka yote hatujapata mtu wa kutuamua!"

Mama Shii aliangua kicheko. Akaiweka simu mezani, sauti ikafunguliwa wote wasikie, na alasiri ile miji miwili ilibishana juu ya mlango mmoja mpaka wakati wa kufunga maktaba. Mwishowe yule bwana wa ng'ambo aliomba jambo. Walitaka waazimwe kile kitabu chekundu cha zamani, kile pungufu, wasomaji wake waone ingekuwaje kutojua hata neno la sukuma. Mama Shii alikiweka kwenye kreti kwa mkono wake, na roho haikumuuma hata kidogo.

Alhamisi iliyofuata alikwenda kumchukua baba yake kama desturi. Alipofika alibisha hodi, akaegemea mlango kusubiri vile vyuma, kitasa, komeo, komeo, mnyororo.

"Sukuma!" Mzee alipaza sauti kutoka jikoni.

Mlango ulikuwa umeshaachia, na Mama Shii nusura aanguke ndani. Makomeo yote yalikuwa juu ya meza, yamepakwa mafuta, yamepangwa juu ya gazeti, na Mzee alikuwa amesimama jikoni anakunywa chai, amevaa viatu tayari. Alisema anataka kumuuzia Mwalimu wa hesabu, maana yeye ndiye anayependa vitu vya kufunga. Kisha akamhimiza binti yake watoke upesi, kwa sababu usiku alikuwa amepata hoja mpya. Walipotoka aliurudishia mlango kwa mkono, bila ufunguo, akaanza kuieleza hoja yenyewe kabla hawajafika barabarani.